Kawi safi yaongezeka, nyaya zalemewa: Kiini cha matatizo ya gridi ya umeme nchini

KENYA ni miongoni mwa mataifa machache duniani ambayo takriban asilimia 90 ya umeme wake hutokana na vyanzo visivyokwisha: mvuke wa ardhini, maji ya mito, upepo na jua.

Sifa hiyo imewavutia wawekezaji na wafadhili wengi. Hata hivyo, mwananchi wa kawaida katika kaunti za Magharibi na Nyanza angali anakatiwa umeme saa za jioni, wakati ambapo mvuke wa Olkaria huachiliwa upotee hewani usiku wa manane kwa kukosa mtumiaji.

Mwaka wa 2025, Rais William Ruto alisema hadharani kwamba baadhi ya maeneo ya nchi hulazimika kupewa umeme kwa mgao saa za jioni.

Yawezekanaje nchi iwe na umeme wa kumwaga usiku na ipungukiwe jioni? Jibu halimo katika mitambo ya kuzalisha umeme peke yake. Limo katika nyaya, nguzo, transfoma na vituo vinavyoubeba umeme huo kutoka unakozalishwa hadi unakotumika.

NANI HUFANYA NINI

Safari ya umeme nchini ina hatua tatu. Ya kwanza ni uzalishaji, ambao hufanywa na kampuni ya KenGen pamoja na kampuni za kibinafsi.

Hatua ya pili ni usafirishaji kupitia nyaya kubwa za volteji ya juu. Kazi ya kujenga njia mpya za aina hii ilikabidhiwa kampuni ya serikali ya KETRACO, iliyoundwa mwaka wa 2008.

Hatua ya tatu ni usambazaji. Kenya Power huupokea umeme katika vituo vidogo, huushusha hadi volteji 33,000 au 11,000, kisha transfoma za mitaani huushusha tena hadi volteji 240 zinazoingia nyumbani.

Kenya Power pia imekuwa ikiendesha kituo kikuu cha kudhibiti gridi ya taifa kilichoko Juja Road, Nairobi. Bei na leseni husimamiwa na Halmashauri ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Mfumo huu ulijengwa kwa msingi mmoja: umeme hutoka katika vituo vichache vikubwa na kuteremka kuelekea kwa mteja, mithili ya maji yanayotoka katika tangi la mlimani. Ongezeko la kawi ya upepo na jua limeutikisa msingi huo.

KUTOKA MABWAWA HADI UPEPO

Kwa miaka mingi taifa lilitegemea mabwawa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ukame wa miaka ya 1999 na 2000 ulipoyakausha mabwawa hayo, wananchi na viwanda waliishi kwa mgao mkali wa umeme.

Funzo la wakati huo lilikuwa kwamba nchi haiwezi kutegemea mvua pekee. Serikali iliongeza kasi ya kuchimba visima vya mvuke Olkaria, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka wa 1981. Leo mvuke huzalisha zaidi ya megawati 900, na peke yake hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi.

Megawati moja ni sawa na kilowati 1,000. Inatosha kuendesha pasi 1,000 kwa wakati mmoja iwapo kila pasi hutumia kilowati moja.

Baada ya mvuke ulikuja upepo. Mtambo wa Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, wenye mashine 365, una uwezo wa megawati 310. Ule wa Kipeto katika Kaunti ya Kajiado una megawati 100, na wa Ngong megawati 25.5.

Kawi ya jua nayo ilifuata. Kituo cha Garissa chenye megawati 50 kilifunguliwa Desemba 2019. Vituo vya megawati 40 kila kimoja vilifuata Malindi na katika Kaunti ya Uasin Gishu, ambako viko vitatu: Selenkei, Cedate na kile cha Alten huko Kesses.

Ukivitazama vituo hivi kwenye ramani, jambo moja linajitokeza. Mhandisi wa mtambo wa dizeli anaweza kuujenga karibu na mji utakaoutumia umeme, lakini mvuke, upepo na jua havina hiari hiyo. Upepo bora zaidi nchini huvuma kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiro, mamia ya kilomita kutoka Nairobi. Kwa hivyo kila megawati ya aina hii huja na deni la nyaya.

SOMO LA LOIYANGALANI

Mtambo wa Loiyangalani ni mfano dhahiri wa deni hilo. Mashine zake zote zilikuwa zimesimamishwa mwaka wa 2017, lakini nyaya za kuufikisha umeme katika kituo cha Suswa, Kaunti ya Narok, umbali wa zaidi ya kilomita 400, hazikuwa tayari.

Ujenzi wa nyaya hizo ulikwamishwa na mizozo ya fidia ya ardhi, kisha kampuni ya Uhispania iliyopewa kandarasi, Isolux Corsán, ikafilisika. Kandarasi ilipewa kampuni za China, na umeme wa kwanza ukapita Septemba 2018. Aliyekuwa Rais, Uhuru Kenyatta, aliuzindua mtambo huo rasmi Julai 2019.

Mkataba ulikuwa umeitaka nchi ilipie umeme ambao mtambo ungeweza kuzalisha, hata kama nyaya za kuubeba hazikuwepo. Kwa sababu hiyo Kenya ilitozwa fidia ya mabilioni ya shilingi. Sehemu ililipwa na Serikali, na sehemu nyingine iliingizwa katika bei ya umeme wa miaka iliyofuata.

Kwa maneno mengine, mteja aliulipia upepo uliovuma bure jangwani.

Si hayo tu. Kwa miaka mingi baada ya mashine hizo kuanza kuzunguka, mji wa Marsabit, ulio katika kaunti hiyo hiyo, uliendelea kutegemea jenereta za dizeli kwa sababu haukuwa umeunganishwa na gridi ya taifa. Nyaya kubwa zilipita kuelekea kusini bila kuwaachia majirani wa mtambo kitu.

NCHI NZIMA GIZANI

Tatizo la pili la kuutoa umeme mwingi mbali na kuupitishia njia moja ni kwamba njia hiyo ikikatika, pengo linalobaki ni kubwa mno.

Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilitumbukia gizani na baadhi ya maeneo yakakaa bila umeme kwa takriban siku nzima. Abiria walikwama gizani katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta baada ya jenereta kushindwa kufanya kazi.

Kenya Power ilisema hitilafu ilianza pale umeme wa Loiyangalani ulipopotea. Kampuni inayomiliki mtambo huo nayo ilieleza kwamba mashine zake zilijizima kwa sababu volteji katika gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Kauli hizo mbili zilionyesha jinsi ilivyo vigumu kubainisha chanzo mara tu mizani ya gridi inapovurugika.

Septemba 6, 2024, mambo yalijirudia. Muda mfupi kabla ya saa tatu asubuhi, njia ya Loiyangalani ilijikata katika kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Mara moja njia inayoleta umeme kutoka Ethiopia, iliyokuwa na megawati 200, ikajikata pia.

Kwa muda mfupi, gridi ilipoteza megawati 488, zaidi ya robo ya umeme wote uliokuwa ukizalishwa wakati huo. Hakuna gridi ndogo inayoweza kuhimili pigo la kiasi hicho bila kuyumba.

Yafaa kutambua kwamba njia zote mbili huishia Suswa. Njia ya Ethiopia, yenye urefu wa takriban kilomita 1,045 kutoka Wolayta Sodo, ilianza biashara Novemba 2022 na imejengwa kuweza kubeba hadi megawati 2,000. Umeme wa kaskazini mwote umeelekezwa katika mlango mmoja.

KWA NINI UPEPO NA JUA NI TOFAUTI

Umeme katika gridi ya taifa lazima uzalishwe sawasawa na unavyotumika, kila sekunde. Mkondo wake hupiga mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Matumizi yakizidi uzalishaji, mapigo hupungua. Uzalishaji ukizidi, huongezeka. Yakipotoka sana, mitambo hujizima ili isiharibike, na kila mmoja unaojizima huongezea mingine mzigo.

Mitambo ya maji na ya mvuke ina magurudumu mazito yanayozunguka kwa kasi. Panapotokea pigo, uzito huo huendelea kuzunguka na kuipa gridi sekunde chache za kupumua, mithili ya baiskeli inayoendelea kwenda baada ya mwendeshaji kuacha kukanyaga.

Paneli za jua hazina gurudumu lolote. Umeme wake huingia katika gridi kupitia kifaa cha kielektroniki kiitwacho inveta. Mashine nyingi za kisasa za upepo pia huunganishwa kwa njia inayofanana na hiyo. Kadiri vyanzo hivi vinavyochukua nafasi ya mitambo mizito, ndivyo gridi inavyopoteza uwezo wake wa kustahimili mishtuko, isipokuwa iwekewe vifaa vya kufidia.

Kwa sasa kazi ya kusawazisha mapigo hutegemea sana mabwawa, hasa Gitaru lenye megawati 225, kwa kuwa mtambo wa maji huweza kuongezwa au kupunguzwa kwa haraka. Mvua inapokosekana, gridi hupoteza chanzo cha umeme na breki zake kwa wakati mmoja.

USIKU WA ZIADA, JIONI YA UHABA

Mahitaji ya umeme nchini hupanda sana kati ya saa moja na saa nne usiku, watu wanaporejea nyumbani. Mwaka wa 2025 kilele hicho kilipita megawati 2,300. Baada ya saa sita usiku, mahitaji hushuka hadi karibu nusu ya kiwango hicho.

Jua hutua kabla ya kilele cha jioni, hivyo vituo vya Garissa, Malindi na Uasin Gishu havisaidii saa hizo. Upepo wa Turkana, kwa upande wake, huwa na nguvu zaidi usiku na alfajiri, wakati wateja wamelala.

Matokeo ni kwamba usiku wa manane wasimamizi wa gridi hulazimika kupunguza umeme wa upepo au kuuachilia mvuke wa Olkaria, na jioni hulazimika kuwasha mitambo ya mafuta, ambayo ni ghali. Gharama ya mafuta hayo huonekana katika bili ya kila mwezi na katika idadi ya yuniti ambazo mteja hupata kwa tokeni.

Eneo la Magharibi huumia zaidi. Nyaya zinazolihudumia hazitoshi kubeba mzigo wa jioni, hivyo eneo hilo limetegemea umeme kutoka Uganda na mtambo wa mafuta wa Muhoroni. Njia ya Olkaria, Lessos hadi Kisumu ilijengwa kwa mkopo wa Japani ili kupunguza tatizo hilo.

Pwani nayo, iliyo mbali na Olkaria, bado huhitaji mitambo ya mafuta ya Rabai na Kipevu ili kuimarisha volteji, hata pale ambapo umeme wa bei nafuu unapatikana kwingineko nchini.

VITUO VIDOGO MASHINANI

Mabadiliko makubwa zaidi, ingawa hayaonekani kwa urahisi, yanatokea katika nyaya za usambazaji zenyewe.

Tangu Serikali ilipotangaza sera ya bei maalum kwa kawi mbadala mwaka wa 2008, vituo vidogo vimeunganishwa katika nyaya za mashinani. Miongoni mwake ni vile vya maji vya wakulima wa majani chai, kama kile cha North Mathioya, na kile cha gesi ya taka za shambani kilichoko Naivasha.

Nyaya hizi hazikutarajia kupokea umeme kutoka kwa mteja. Kituo kidogo kinapouingiza umeme mwishoni mwa waya mrefu, volteji ya hapo hupanda. Kikizima ghafla, volteji hushuka na taa za jirani hufifia. Vifaa vya nyumbani kama friji na televisheni huweza kuungua.

Vifaa vya kinga vilivyowekwa kuukata umeme panapotokea hitilafu navyo hukanganyikiwa, kwa kuwa viliundwa kutambua mkondo unaotoka upande mmoja. Fundi anayepanda nguzo akidhani waya umezimwa anaweza kuuawa na umeme unaotoka kwenye paa la nyumba. Ndiyo maana inveta za kisasa hutakiwa kujizima mara tu gridi inapopotea.

Kuna hasara nyingine. Waya wa Kenya Power unapokatika kwa sababu ya mti ulioanguka au nguzo iliyooza, kituo kidogo kilichounganishwa nao husimama pia. Maji hupita tu mtoni na mwekezaji hapati kitu.

Hali ya nyaya hizo inajulikana. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, takriban asilimia 23 ya umeme ulionunuliwa na Kenya Power ulipotea kabla ya kulipiwa, ama kwa joto la nyaya zilizochakaa na kulemewa, ama kwa wizi. Hiyo ni zaidi ya yuniti moja katika kila tano.

PAA LINALOUZA UMEME

Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019 ilimruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kuuingiza umeme wake wa ziada katika gridi na kupunguziwa bili. Kanuni za kutekeleza jambo hilo zilichapishwa mwaka wa 2024. Chini ya kanuni hizo, mteja huhesabiwa nusu ya kiasi cha umeme alichokiingiza.

Wapo wanaoona kwamba nusu ni kidogo mno. Kenya Power nayo ina hoja: mteja huyo bado anautumia waya wake kama ghala, akiweka umeme mchana na kuuchukua usiku, na waya huo una gharama.

Viwanda, vyuo, hospitali na mashamba ya maua havikusubiri kanuni. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka wa 2014, na kampuni nyingi zimefuata mkondo huo. Kwa jumla mitambo ya aina hii, inayotumiwa na wenyewe, sasa ina uwezo wa mamia ya megawati.

Kwa mwenye kiwanda, hatua hiyo ni ya busara. Kwa gridi, ina uchungu. Mteja mkubwa akipunguza ununuzi wake mchana, gharama ya nguzo na transfoma haipungui hata kidogo. Inabaki kugawanywa miongoni mwa wateja wasio na fedha za kununua paneli: mama mboga mwenye friji moja, kinyozi wa mtaani na familia ya chumba kimoja.

Na mteja huyo mkubwa bado hurudi kwenye gridi jioni au siku ya mawingu, akitarajia umeme uwepo.

NJIA ZILIZOPO

Wataalamu wa kawi hukubaliana kuhusu hatua kadhaa. Ya kwanza ni kuipa gridi njia zaidi ya moja. Mpango wa kuunganisha Loosuk, Kaunti ya Samburu, na Lessos ungewezesha umeme wa Loiyangalani kuelekea Magharibi moja kwa moja badala ya kuzunguka kupitia Suswa. Njia ya Rongai, Keringet hadi Chemosit ingeongeza nguvu katika eneo hilo hilo.

Pingamizi kubwa ni fedha na imani ya umma. Oktoba 2024, KETRACO ilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Adani kutoka India wa kujenga njia kadhaa, Chemosit ikiwemo. Mahakama Kuu iliusimamisha, na Novemba mwaka huo Rais Ruto akaufuta. Mkataba ulifutwa, lakini haja ya nyaya ilibaki pale pale.

Hatua ya pili ni kuhifadhi umeme. Betri kubwa zikijazwa saa nane usiku na kutumiwa saa mbili usiku unaofuata, zinaweza kupunguza mafuta yanayochomwa. Betri pia huitikia kwa kasi kuliko mtambo wowote panapotokea pigo. Zikiwekwa karibu na wateja, kwa mfano Kisumu au Mombasa, hupunguza pia mzigo wa nyaya jioni.

Ya tatu ni kuhamisha matumizi. Tangu Desemba 2017, viwanda vinavyoongeza kazi usiku hupata punguzo la bei. Mwaka wa 2023 iliwekwa bei maalum ya kuchaji magari na pikipiki za umeme. Bodaboda inayochajiwa usiku wa manane hutumia mvuke ambao ungepotea hewani.

Ya nne ni kushirikiana na majirani. Njia ya Isinya hadi Singida, iliyowashwa mwishoni mwa 2024, imeunganisha gridi za Kenya na Tanzania. Upepo ukipungua Turkana, maji ya Ethiopia au Tanzania yanaweza kujaza pengo, mradi hitilafu ya nchi moja isiruhusiwe kuvuka mpaka.

Ya tano, ambayo haina sherehe za uzinduzi, ni kukarabati nyaya za mashinani: kubadilisha nguzo zilizooza, kuongeza transfoma, kufyeka miti na kuweka vifaa vinavyoweza kupima na kudhibiti umeme unaopita pande zote mbili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Katika miaka iliyopita, mafanikio ya sekta ya kawi yalihesabiwa kwa megawati mpya na idadi ya nyumba zilizounganishwa. Hesabu hizo zina maana, lakini hazimwambii mkazi wa Kakamega kama taa yake itawaka saa mbili usiku. Mikataba ya mitambo mipya inapotiwa saini, swali la kwanza ambalo Bunge na EPRA wanapaswa kuuliza ni hili: nyaya za kuufikisha umeme huo kwa mteja ziko wapi, na ni nani atakayelipa zikichelewa?